Jinsi ya kupigania gemu za diski na ukasikilizwa

Juni 2013 Microsoft ilitangaza kwamba Xbox One, mashine yake mpya ya kuchezea gemu, italazimika kuingia mtandaoni angalau mara moja kila saa 24, na kwamba diski utakayonunua haitauzika tena wala kuazimwa bila masharti. Wachezaji wakalalamika, na tarehe 19 ya mwezi huohuo masharti yakafutwa. Mashine ilikuwa bado haijaingia sokoni, ilitoka Novemba. Siku chache kabla ya kufutwa huko, Sony ilikuwa imepanda jukwaani na kusema mashine yake, PS4, haitakuwa na mambo hayo. Malalamiko yalikuta vitu vitatu vimekaa pamoja: dai lilikuwa wazi, muda wa kubadilisha ulikuwepo, na mnunuzi alikuwa na pengine pa kupeleka pesa yake. Malalamiko mengi ya diski yanayopotea hewani hukosa kimojawapo. Mwongozo huu ni wa kuvikutanisha tena.

Jua unachopinga kabla hujafungua mdomo

Kasha la gemu rafuni linaweza kuwa na kitu kimoja kati ya vinne. Kuna diski yenye gemu nzima. Kuna diski yenye sehemu tu, nyingine unapakua. Kuna diski au kadi ambayo ni ufunguo mtupu. Halafu kuna kasha lenye karatasi ya namba ya kupakulia gemu, ambayo ikishatumika mara moja imekufa, huwezi kuiuza wala kumpa mdogo wako.

Tofauti hizi ndizo zinazoamua utadai nini. Diski ya PS5 hubeba hadi GB 100, lakini ile ya Call of Duty: Modern Warfare II ya 2022 ilikuwa na takriban MB 70 tu, na ya Doom: The Dark Ages ya 2025 takriban MB 85. Hapo kulalamika kwamba "wameua diski" hakusaidii, maana diski ipo, na kampuni itakujibu hivyohivyo. Dai lako ni gemu yenyewe iwe ndani ya diski. Kadi za ufunguo za Switch 2, mashine ya Nintendo, nazo unaweza kuziuza na kuziazima, ila lazima mtu apakue gemu yote, hivyo zinaishi kwa kutegemea seva, yaani kompyuta za kampuni. Ukiambiwa haiwezekani vinginevyo, taja Cyberpunk 2077: kwenye Switch 2 ilikuja nzima kwenye kadi ya GB 64.

Usiandike lolote kuhusu diski ambayo hujaipima, au ambayo hakuna mtu wa kuaminika aliyeipima. Mradi wa Does it Play? unakusanya vipimo vya namna hii, anzia huko. Kama gemu yako haijapimwa, ipime mwenyewe. Kwa PS5 inakwenda hivi:

Zima intaneti kwenye mipangilio ya mtandao, na kama unatumia waya, uchomoe. Futa gemu kwenye mashine. Kwa kawaida kufuta gemu ya PS5 hakufuti sevu (hatua uliyofikia kwenye gemu), lakini soma swali linalojitokeza kabla ya kubonyeza. Ingiza diski, subiri inakili, kisha andika ni GB ngapi zimeingia. Weka alama juu ya ikoni ya gemu, bonyeza kitufe cha Options, fungua taarifa za gemu, piga picha namba ya toleo. Sasa cheza. Usiishie kwenye menyu: kuna gemu zinazofungua sehemu ya mwanzo halafu zinakwama zikidai upakuaji. Pita saa za mwanzo, jaribu kila namna ya kuchezea ambayo haihitaji wachezaji wa mtandaoni.

Kipimo huharibika kwa sababu zilezile kila mara. Mtu anasahau kufuta toleo lililokwisha kusasishwa, anapima sasisho badala ya diski. Au akaunti yake ina gemu hiyohiyo ya kupakua, leseni inafungua kile ambacho diski peke yake isingefungua. Tumia akaunti ambayo haijawahi kuimiliki. Au analinganisha diski za awamu mbili tofauti za uchapaji bila kujua, wakati awamu ya pili mara nyingine hubeba toleo jipya zaidi. Piga picha ya namba ya bidhaa iliyochapwa kwenye diski ili mwingine aweze kuhakikisha anapima kitu kilekile.

Dai moja, kwa anayeamua

Anayeamua gemu itoke kwenye diski au isitoke ni mchapishaji, yaani kampuni inayoitoa gemu sokoni. Anayeamua mashine iwe na sehemu ya kuingizia diski ni mwenye mashine: PS5 Pro ilitoka Novemba 2024 bila sehemu hiyo, unainunua pembeni, na ukiifunga inataka intaneti mara moja ili mashine iitambue. Duka linaamua kiasi cha rafu. Bunge na mamlaka za walaji wanaamua maneno yanayoruhusiwa kwenye tangazo.

Wachoraji na waandishi wa programu hawaamui lolote kati ya haya. Kuwatukana ni kosa kwanza, halafu ni zawadi kwa mchapishaji: habari inageuka kuwa matusi ya mashabiki, na suala la diski linazikwa siku hiyohiyo. Ukiona mwenzako katika kampeni anafanya hivyo, mkemee hadharani na mwondoe.

Dai zuri ni lile ambalo mtu mwingine anaweza kukagua kama limetimizwa. "Heshimuni wachezaji" halikaguliki. Haya yanakaguliwa: gemu yote ya mchezaji mmoja iwe kwenye diski na ichezeke bila intaneti; mbele ya kasha iandikwe kwa herufi zinazosomeka ni GB ngapi za kupakua; sehemu ya diski ya PS5 ifungike bila kuomba intaneti; toleo la diski litoke hata kama ni baadaye. Chagua moja. Ukipeleka manne, utajibiwa lile jepesi.

Msisahau kwamba diski pekee haitoshi. The Crew ya Ubisoft iliuzwa kwenye diski tangu 2014, na seva zilipozimwa tarehe 31 Machi 2024 diski hizo zikabaki plastiki. Kwa gemu inayodai seva hata ukicheza peke yako, dai sahihi ni iachwe katika hali ya kuchezeka seva zikifungwa.

Wakati

Diski huagizwa kiwandani kabla gemu haijatoka, na uamuzi wa kuwa nazo au kutokuwa nazo huwa umefanywa mapema zaidi. Hasira ya siku ya uzinduzi imechelewa. Andika wiki gemu inapotangazwa, hasa pale ukurasa wa kuagiza unapofunguliwa na hauna chaguo la diski. Dirisha la pili ni miezi baada ya kutoka: Alan Wake 2 ilitoka Oktoba 2023 kwa kupakua tu, na diski yake ikaja Oktoba 2024. Kwa hiyo "haina diski" isichukuliwe kuwa neno la mwisho.

Barua

Kususia kimyakimya ni udhaifu mkubwa wa kampeni hizi. Mchapishaji anayeona mauzo machache ya diski husema watu hawazitaki. Asipokusikia, kutonunua kwako kunahesabiwa upande wake. Lazima pesa uliyoizuia ije na maelezo. Barua ya kutosha ni hii:

"Ninaandika kuhusu (jina la gemu) ya PS5. Naona itauzwa kwa kupakua tu. Gemu zenu mbili zilizopita nilizinunua kwenye diski, na hii nilipanga kuinunua siku ya kwanza kwa bei kamili. Kwa kupakua sitainunua. Mkitoa diski yenye gemu nzima, inayochezeka bila intaneti, nitainunua hata ikichelewa. Naomba jibu la swali moja: mna mpango wa kutoa diski?"

Ni sentensi chache, na kila moja ina kazi. Inataja gemu na mashine ili mpokeaji ajue aiweke fungu gani. Inaonyesha kwamba wewe ni mteja anayelipa bei kamili. Inasema pesa imezuiwa kwa nini, na itatoka kwa sharti gani. Inamaliza kwa swali la ndiyo au hapana, kwa sababu malalamiko yasiyo na swali hufungwa kwa jibu la kunakili. Usichanganye na shida ya akaunti yako au bei. Barua yenye mambo mawili huwekwa kwenye fungu lisilo lako. Itume kwa huduma kwa wateja, na kama kampuni iko kwenye soko la hisa, nakala kwa idara ya mahusiano na wawekezaji. Kila mwanakampeni aandike kwa maneno yake. Barua mia zinazofanana huchujwa kama barua moja.

Pesa

Kama ulishaagiza, futa oda, na kwenye nafasi ya sababu andika "hakuna diski". Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 na ukiwa umecheza chini ya saa 2. Duka la PlayStation nalo lina siku 14, ila ukishaanza kupakua nafasi hiyo kwa kawaida imepita, kwa hiyo zima upakuaji wa kujiendesha kabla ya kuagiza chochote.

Usikimbilie benki kuomba malipo yabatilishwe. Maduka mengi ya gemu hujibu kwa kufunga akaunti, na ndani ya akaunti hiyo zimo gemu zako zote nyingine. Hilo ni hatari halisi kuliko watu wanavyodhani.

Upande wa pili wa kususia ni kununua. Gemu unayoitaka ikitoka kwenye diski kamili, inunue mpya, mapema, kwa sababu mauzo ya mwanzo ndiyo yanayoamua kama itachapwa tena. Diski za mkono wa pili hazihesabiwi na mchapishaji, ingawa zinawapa wauzaji sababu ya kuendelea kuwa na rafu.

Na ukisema hutanunua, usinunue. Mwaka 2009 kikundi cha Steam cha kususia Modern Warfare 2 kwa kukosa seva maalumu (zile ambazo wachezaji huendesha wenyewe) kilipigwa picha siku ya uzinduzi: wanachama wengi walionekana wakiicheza. Picha hiyo bado inatumika hadi leo kuwadharau wachezaji. Ni afadhali kampeni ya watu 40 wanaotimiza kuliko ya 4,000 wanaotia saini na kununua usiku.

Maoni ya nyota moja

Kufurika kwenye ukurasa wa gemu na nyota moja huonekana kama nguvu, lakini tangu 2019 Steam hutambua mafuriko yasiyohusu gemu yenyewe na kuyaondoa kwenye hesabu. Kukosekana kwa diski ya mashine nyingine ni mfano dhahiri wa jambo litakaloondolewa. Andika maoni pale ulipoinunua diski hiyo, kwenye duka lililoiuza, ukieleza kipimo: "GB zilizoingia kutoka kwenye diski ni hizi, gemu haikuanza bila intaneti, kasha halikusema." Mnunuzi anayefuata anaisoma, na duka linalorudishiwa bidhaa linampigia simu mchapishaji kwa niaba yako.

Maombi rasmi

Tovuti za saini za kawaida hazimlazimishi mtu kujibu. Tafuta zile za kisheria. Bunge la Uingereza: saini 10,000 serikali inajibu, 100,000 ombi linafikiriwa kwa mjadala. Ombi la kuzuia kuharibiwa kwa gemu lilivuka kiwango hicho na likajadiliwa Novemba 2025. Umoja wa Ulaya: saini milioni 1 ndani ya miezi 12, pamoja na kufikia kiwango kilichowekwa katika nchi angalau 7. Kampeni ya Stop Killing Games, inayodai gemu zisiuawe seva zikifungwa na iliyoanzishwa na Ross Scott mwaka 2024, ilivuka milioni hiyo mwanzoni mwa Julai 2025, wiki chache kabla ya muda kuisha, na ikaendelea kukusanya. Kuendelea huko ndiko kulikokuwa busara: saini hukaguliwa nchi kwa nchi, na zenye makosa hutupwa. Jina lisilolingana na kitambulisho au tarehe iliyogeuzwa inatosha.

Kama wewe si raia wa Umoja wa Ulaya, usitie saini ombi lake hata kama moyo unakutuma. Unawapa wapinzani hoja kwamba kampeni imejaa saini za uongo. Sambaza kiungo kwa wenye haki ya kutia.

Nchi yako ikiwa haina njia hiyo, kuna mamlaka ya kulinda walaji. Hapo dai linalobeba uzito ni la maneno: neno "nunua" linapotumika kwa kitu kinachoweza kuondolewa. California ilishapitisha sheria, inayofanya kazi tangu tarehe 1 Januari 2025, inayozuia maduka ya kidijitali kutumia maneno ya kununua bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anapata leseni. Ambatisha risiti, picha za mbele na nyuma ya kasha, picha ya skrini ya ukurasa wa duka yenye tarehe, na kipimo chako. Piga picha ya ukurasa siku unayonunua, kwa maana hubadilishwa.

Wakikubali

Weka jedwali dogo la pamoja: tarehe ya barua, nani, jibu neno kwa neno. Kampuni ikiahidi diski, siku inapotoka mmoja wenu aipime kwa hatua zilezile za mwanzo, intaneti imezimwa, na matokeo yatangazwe kwa uwazi uleule yakiwa mazuri au mabaya. Yakiwa mazuri, wale waliosema watanunua wanunue wiki hiyohiyo na kutuma picha ya risiti kwenye barua ileile ya mwanzo, ili yule aliyeidhinisha uchapaji awe na cha kuonyesha kwenye kikao kijacho.