Kibali cha kumwaga tope la bandari baharini: anza na sampuli, fomu baadaye

Kazi yangu ni kutayarisha maombi ya vibali kwa bandari ndogo za boti kusini mwa Uingereza. Maji yakipwa na boti zikaanza kulalia tope gatini, mwenye bandari hunipigia simu akitaka lifukuliwe wiki ijayo. Namwambia atulie. Kufukua ni siku chache, kibali ni miezi.

Kwanza ujue kama taka yako inaruhusiwa hata kuombewa. Itifaki ya London ya 1996, yaani mkataba wa mataifa kuhusu kumwaga taka baharini, ambao Kenya nayo imo, inakataza kila kitu isipokuwa vichache vilivyotajwa: tope lililofukuliwa, mabaki ya samaki, meli na boti kuukuu na vingine vya namna hiyo. Mwenye mafuta machafu asijisumbue.

England anayetoa kibali ni Marine Management Organisation. Kabla hujagusa fomu, waombe mpango wa sampuli. Watakuambia uchote wapi, kina gani, na upime nini. Tope lisilozidi mita za ujazo 25,000 kwa kawaida huchotwa vituo vitatu. Peleka sampuli kwenye maabara waliyoithibitisha wao. Majibu ya maabara nyingine, hata ya chuo kikuu, ni hela ya bure.

Majibu ndiyo yanayoamua. Kwa miaka mingi vipimo vya Cefas, taasisi ya serikali ya sayansi ya bahari, vimekuwa na mistari miwili. Zebaki ikiwa chini ya miligramu 0.3 kwa kilo ya tope kavu, kwa kawaida haina neno. Ikipita 3, bahari uisahau. Katikati hapo ni mjadala. Mimi huogopa zaidi TBT, sumu iliyokuwa kwenye rangi ya chini ya boti. Kwa boti ndogo ilipigwa marufuku huku 1987, lakini chini ya miteremko ya zamani ya kupandishia boti, walikokwangulia rangi, bado imo topeni. Kona moja ikichafuka, itenge kwenye ramani, tope lake liende nchi kavu, na uombee lililobaki. Usilichanganye ili wastani ushuke. Wanasoma kituo kimoja kimoja.

Kisha utaulizwa: kwa nini baharini? "Ni rahisi" si jibu. Onyesha uliuliza kama tope linaweza kujazia kinamasi cha pwani au kutumika kwenye ujenzi, nani alikataa, na gharama ya malori ni kiasi gani. Mahali pa kumwagia chagua palipokwisha kutengwa. Kutafuta papya ni utafiti mwingine mzima.

Kibali kikitoka, soma masharti kabla ya tishali kung'oa nanga. Tairi, minyororo na nyaya zitolewe, zitupwe nchi kavu. Andika kila safari: tarehe, tani, mahali. Hesabu hizo watazidai, hata kwa kipindi ambacho hukumwaga kitu.