Difu ya Land Cruiser inavuja kwenye pua: kubadili sili bila kuua beringi

Sili ya pinioni (shafti yenye gia ndogo inayoingiza mzunguko wa propela kwenye difu, yaani kasha la gia lililo katikati ya ekseli), ile inayokaa kwenye pua ya difu pale propela inapofungwa, haina gharama kubwa, na kuibadili ni kazi ya nusu siku. Hatari iko kwenye nati ya katikati ambayo lazima ifunguliwe ili uifikie. Nati hiyo ndiyo inayobana beringi za pinioni. Ikirudishwa kwa kukisia, difu iliyokuwa inadondosha oili tu itaanza kulia. Maelezo haya ni ya difu ya nyuma ya Land Cruiser za mfululizo wa 70, zile wengi wanaziita mkonga.

Kabla ya kununua sili, hakikisha oili inatoka wapi. Osha difu na ekseli nzima kwa dizeli na sabuni, kausha, kisha endesha kilomita 20. Sili ya pinioni ikivuja, flenji (sahani ya chuma ambayo propela hufungwa kwayo) inayozunguka hurusha oili, na utaona mstari uliolowa juu yake kwenye sakafu ya gari, upande wa chini. Oili ikiwa ndani ya ngoma ya breki, hiyo ni sili ya gurudumu. Ikitambaa kwenye mzunguko wa bolti za difu, hiyo ni gasketi.

Kisha kagua kipumulio, kikofia kidogo kilicho juu ya ekseli. Difu ikipata moto hewa ya ndani hutanuka, na kipumulio kikizibwa na tope, hewa hiyo huisukuma oili ipite kwenye sili. Kifungue, kisafishe, kipulize mpaka hewa ipite. Angalia pia oili isiwe imejazwa kupita tundu la kujazia. Sili nyingi hutupwa kwa kosa la kipumulio.

Sababu ya tatu ni nyasi. Gari linalokata mbugani hujizungushia nyasi ndefu kwenye flenji, zikijibana na vumbi hukata mdomo wa sili. Zitoe kila unaporudi.

Sasa kazi yenyewe. Weka vizuizi magurudumu ya mbele, inua nyuma, kalisha ekseli kwenye stendi mbili. Jeki peke yake haitoshi kulala chini yake. Fungua kwanza tundu la kujazia. Likigoma, bora ulijue wakati oili bado imo. Mwaga oili na uitazame: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia.

Tia alama ya patasi kwenye flenji ya propela na ya difu, kisha fungua propela. Shika flenji ya difu uitikise juu na chini. Kuzunguka kidogo huku na huku ni kawaida, lakini ikicheza juu-chini beringi zimekwisha, na sili mpya haitadumu. Hapo difu ishushwe.

Kipimo kinachofuata usikiruke, ndicho kinachoonyesha beringi zimebanwa kiasi gani. Fungua nati 6 za kila hafshafti, shafti inayotoka difu kwenda gurudumu, na uvute hafshafti zote mbili nje kiasi cha kuachia gia, ili magurudumu na breki visiharibu kipimo. Zungushia kamba kwenye flenji, funga mizani ya kuning'iniza, vuta taratibu, na usome kilo wakati flenji inazunguka mfululizo. Kamba ikiwa sentimita 5 kutoka katikati na mizani ikasoma kilo 2, ni takribani Nm 1 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Andika namba yako.

Inua ile sehemu ya nati iliyogongewa kwenye mfereji wa shafti, funga chuma kirefu kwenye flenji kwa bolti mbili kiizuie, kisha legeza nati. Flenji itolewe kwa pula, kifaa cha kuvutia. Kila pigo la nyundo hapo linafika kwenye beringi. Pima kina cha sili ya zamani kutoka ukingo wa hausingi (kasha la difu), halafu ing'oe bila kukwaruza hausingi wala shafti.

Pitisha ukucha kwenye sehemu ya flenji inapokaa sili. Ukucha ukinasa, pameliwa. Msasa hauondoi mfereji huo; badili flenji au vika bushi nyembamba ya kurekebishia. Bila hivyo sili mpya itavuja mapema.

Jaza grisi kati ya midomo ya sili, springi ielekee ndani, na uigonge kwa bomba lenye upana wa sili mpaka kina kile kile. Ikiingia upande, imeharibika. Paka silikoni kidogo chini ya nati, maana oili hupita pia kwenye meno ya shafti. Tumia nati mpya. Hata kama uliweka alama pale nati ya zamani ilipofikia, haikusaidii tena, unategemea mizani.

Kati ya beringi za pinioni kuna spesa, kijibomba cha kuzitenganisha. Kama difu yako ina spesa ngumu yenye shimu (vipete vyembamba vya kurekebishia), kaza kwa toki, yaani nguvu ya kukazia, ya kitabu cha gari. Kama ina spesa inayobonyea, kaza kidogo kidogo, nyuzi 5 hadi 10 za mzunguko kila mara, zungusha flenji mizunguko kadhaa ili beringi zikae, kisha pima. Simama namba ya awali inaporudi, au ikizidi kidogo sana. Ukipitiliza, usirudishe nati nyuma: spesa iliyobonyea haitanuki tena, na nati italegea njiani. Weka spesa mpya na uanze upya.

Gongea ukingo wa nati kwenye mfereji, rudisha hafshafti kwa gasketi mpya na propela kwenye alama zake. Jaza oili ya gia GL-5, 80W-90 au 85W-90, mpaka ifike ukingo wa chini wa tundu la kujazia. Nunua lita 4 usikwame. Endesha kilomita 15, ushike pua ya difu. Vuguvugu ni sawa; isiposhikika, beringi zimebanwa mno.

Kwa gari linalovuka mito, ondoa kipumulio cha kiwandani na upeleke mpira wa mafuta kutoka hapo hadi juu karibu na mdomo wa tangi. Difu yenye moto ikitumbukia kwenye maji baridi, hewa ya ndani hupungua na kuvuta. Mpira ukiwa juu, inavuta hewa badala ya kunyonya maji kupitia sili uliyoiweka.