Kurudishia samaki ya Kivu fasi ya kuzalia: tuanze na matete

Bandugu ba Bukavu, Goma, Kalehe na Minova, kila mwaka tunasikia maneno moja tu juu ya ziwa Kivu, sambaza (ile samaki kadogo) inapunguka, tilapia inakuwa kadogo, na jibu inakuwaka ile ile: bafunge ziwa, batu basivue. Kufunga ni muzuri, nakubali kabisa, lakini haitoshi. Kule Nyuzilandi, mu ghuba ya Hauraki, walikomba kome chini ya bahari mpaka miaka ya 1960 zikaisha, uvuvi ukasimama, na bado kome hazikurudi zenyewe, sababu chini kulibakia tope tupu na kome mutoto anatafuta kitu ya kushika, njo maana siku hizi banapeleka kome kubwa na maboti na kuzimwanga pale. Kwetu pia ni vile, samaki akikosa fasi ya kuzalia unafunga ziwa bure.

Tena Kivu haina fasi mingi. Ziwa inashuka mpaka mita 485 lakini oksijeni iko tu kwa juu, kama mita 60, kule chini ni gazi. Sambaza yenyewe, ile ililetwa toka Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950, inaishi katikati ya maji lakini batoto yake banakomalaka pembeni. Ile kamukaba ka pembeni njo tunakakata, tunakajenga, tunakatupia taka.

Sasa tunafanya nini? Turudishe matete pembeni, batoto ya samaki bapate fasi. Kwanza kuchagua fasi. Tafuteni kaghuba kenye kutulia, maji mafupi, chini kuwe muchanga ao udongo. Mulize bazee bavuvi, banajua wapi samaki ilikuwa inazalia zamani. Musipande mbele ya mutoni yenye kuleta tope mingi, itafunika kila kitu. Na nyinyi ba Goma wenye kuwa juu ya mawe ya volkano, pale matete haitashika, yenu ni kuacha mawe mu maji vile iko, samaki kadogo inajifichaka ndani, musiyatoshe ya kujengea.

Mbele ya kushika jembe, muongee na batu. Mwenye konsesio, shefu wa kijiji, serivisi ya uvuvi, bavuvi, bamama benye kufulia pale, mwenye ngombe. Wote, hata kama inakula wiki mingi, juu mutu moja mwenye hakuulizwa atapitisha ngombe siku moja na kazi yote imekwisha.

Kupanda: chimbeni mizizi ya matete ya maji (hapana bingobingo, yale majani marefu ya ngombe, ile ni ya mulima) fasi kwenye iko mingi, mutoshe kidogo kidogo musimalize pale. Kata vipande vyenye macho mbili ao tatu, na kama kuna shina uiache ndefu ibakie juu ya maji, hapa musifanye haraka, juu matete inapumua kupitia shina, ndani iko wazi, ukiikata chini ya maji inajaa maji na inaoza. Pandeni pale maji inagusa udongo, hapana ndani sana, mukiachanisha kama nusu mita. Wakati muzuri ni mvua ikianza, mwezi wa 9, udongo unakuwa laini, lakini mukumbuke ziwa itapanda nyuma ya pale, kwa hiyo anzeni juu kidogo, matete yenyewe itashuka.

Halafu muangalie mulima wenye kuwa nyuma. Tilapia dume anachimba shimo yake chini mu maji mafupi, jike anaweka mayai pale na anayabeba mu kinywa mpaka batoto banatoka. Udongo ukishuka na mvua, shimo inafunikwa. Njo fasi ya bingobingo sasa, mupande mistari yenye kukata mulima, na mufoso ya kushika maji.

Na hii naisema kwa roho yote: chandarua ya mbu isiingie pale, hata siku moja. Inakamata batoto ya samaki mbele hawajazala, na ile yenye dawa inaua na vidudu venye banakulaka. Nyavu za kukokota pia hapana, zinangoa matete na kuharibu shimo, na ukikamata jike mwenye mayai mu kinywa umekamata na batoto yote. Muweke miti ya mabambu na kitambaa yenye kuonekana toka mbali, na bavuvi benyewe njo balinde, si polisi.

Machupa ya plastiki mutoshe kila juma, ni kazi ya batu wachache.

Kujua kama inaenda: asubuhi, maji ikitulia, chota na beseni nyeupe katikati ya matete na pale hakuna matete, muhesabu batoto ya samaki, muandike mu kaye. Matete ikishakuwa mingi batu batataka kukata ya kujengea lupango, muache bakate, lakini wakati wa jua tu, mwezi wa 6 mpaka wa 8, juu ya maji, upande moja mwaka huu na upande ingine mwaka wenye kuja.