Kipa, mpira unaharibika mkononi kabla haujafika mguuni

Makipa wengi ninaowafundisha wakija wanalalamikia mguu, kocha mpira wangu hauendi mbali, kocha mbona unapinda, na mi nawaambia tuanze na mkono, kwa sababu ukipiga mpira wa kutoka mkononi kosa kubwa liko pale unapouachia.

Hatua ya 1. Ukishadaka, inua macho kabla ya kutembea. Siku hizi una sekunde 8 tu, sheria ilibadilika 2025, ukizidisha wapinzani wanapewa kona, kwa hiyo tafuta wingi (mchezaji wa pembeni) aliye huru huku unasogea kuelekea mwisho wa boksi.

Hatua ya 2, hapa tukae kidogo. Nyoosha mikono mbele ya mguu unaopigia, usawa wa kiuno hivi, halafu uachie mpira udondoke. Usiurushe juu! Ukiurusha unazunguka, unapeperuka na upepo, na mguu unaanza kuufukuza. Fanya hivi: uachie mara 20 bila kupiga, uone kama unatua sehemu ileile mbele ya mguu wako bila kuzunguka. Najua inachosha na makipa wadogo hawaipendi kabisa ila mi siruhusu mtu apige mpaka hili likae sawa.

Hatua ya 3. Kaza kifundo cha mguu, vidole vielekee chini, gonga kwa pale kwenye kamba za kiatu. Ukiuwahi ukiwa bado juu karibu na kiuno utapaa tu na kurudi chini palepale, subiri ushuke chini ya goti ndo uende mbali. Mguu usiusimamishe baada ya kugonga, uache uendelee kule unakotaka mpira ufike.

Hatua ya 4 ni kwa kaunta, yaani shambulizi la haraka mkishaupata mpira. Geuza mwili ubavu, dondosha mpira pembeni yako badala ya mbele, zungusha nyonga na uupige ukiwa ubavu hivyohivyo. Unatoka chini chini na unamfikia wingi haraka kabla mabeki hawajajipanga. Kuna pia ule wa kuacha mpira uguse ardhi ndo unapiga palepale, nao unaenda chini vizuri sana ila uwanja ukiwa na mashimo achana nao.

Golikiki, ule mpira wa kuanzisha golini ukiwa chini: kimbilia mpira kwa mshazari, sio moja kwa moja, mguu wa kuegemea uweke pembeni ya mpira kama shibiri moja, kidole kikiangalia unapolenga, gonga chini ya katikati ukitaka upande juu. Kumbuka hapa hakuna ofsaidi kwa atakayeupokea moja kwa moja, straika wako anaweza kusimama nyuma ya mabeki wao, wakati ukipiga wa kutoka mkononi ofsaidi ipo. Na tangu 2019 beki wako anaweza kuupokea ndani ya boksi, hapo tumia ndani ya mguu, pasi kali, mguu wake ulio mbali na mpinzani.

Mipira ya mkononi ikianza kupinda upande mmoja kila ukipiga, usiguse staili ya mguu, rudi hatua ya 2.