Umenunua nyumba ya zamani Dodoma: mambo ya kuzingatia kabla mvua haijaanza

Kuanzia Mei hadi Novemba, Dodoma ni kavu. Paa halina cha kuvuja, ukuta umekauka, shimo la choo linanyonya vizuri na rangi aliyopaka muuzaji bado inang'aa. Mvua zetu ni msimu mmoja, kwa kawaida Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka wa kawaida jumla yake ni milimita 500 hadi 600 tu. Lakini zikija, huja kwa kishindo, maji mengi ndani ya saa chache. Matengenezo mengi ambayo wanunuzi huyaita ya ghafla yalikuwemo ndani ya nyumba siku wanalipa, ila kiangazi kiliyaficha. Ndiyo sababu mpangilio wote unaofuata unaanza na maji, na rangi inakuja mwisho kabisa.

Kwanza fedha. Kwa nyumba iliyozidi miaka 25, tunashauri utenge kati ya asilimia 5 na 10 ya bei ya kununulia kwa ajili ya mwaka wa kwanza. Nyumba ya shilingi milioni 60 inahitaji fungu la milioni 3 hadi 6, likae pembeni, lisiguswe kwa vigae, jipsamu wala geti jipya. Kama fungu hilo halipo, punguza bei kwenye majadiliano au ahirisha kuhamia. Januari paa likivuja, mafundi wanagombaniwa mjini na wewe huna nafasi ya kuchagua.

Siku ya kukabidhiwa funguo, kabla hujaingiza hata godoro, tafuta sehemu mbili: koki kuu ya maji na mein swichi. Koki kuu huwa karibu na mita ya DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, na kwenye nyumba za zamani mara nyingi imefukiwa na udongo. Ifukue, jaribu kuifunga. Ikigoma usiilazimishe kwa spana, maana shina lake likikatika maji yanabaki wazi na huna pa kuyazuia. Ngoja siku ya mgao ambayo maji hayatoki, fundi bomba aitoe na kuweka koki ya robo mzunguko. Muulize muuzaji, akiwa bado mbele yako, shimo la choo liko wapi, bomba limepita wapi, na waya wa kwenda banda la nje umechimbiwa wapi. Chora kwenye karatasi na uandike vipimo kutoka kona ya nyumba. Kama kiwanja kilitolewa na iliyokuwa CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, kumbuka mamlaka hiyo ilivunjwa mwaka 2017 na majukumu yake yakahamia kwa halmashauri ambayo sasa ni ya Jiji, hivyo ulizia huko habari za ramani na vibali vya zamani.

Paa ndilo la kwanza kufanyiwa kazi, nalo linatakiwa liwe limekamilika kabla Novemba haijaisha. Ingia darini saa sita mchana na uzime tochi: kila nukta ya mwanga ni tundu. Kisha washa tochi utazame mbao. Alama za maji ya zamani kwenye kenchi na papi zinaonyesha uvujaji hata kama tundu hulioni. Mara nyingi bati lenyewe bado ni zima, kilichokufa ni mpira chini ya kichwa cha msumari, ambao jua la miaka mingi limeukausha hadi ukapasuka. Kupigilia msumari mpya kwenye tundu lilelile hakusaidii, kwa sababu tundu limeshapanuka na ubao umelegea. Ng'oa, weka skrubu ya bati iliyo nene kuliko msumari uliotoka, yenye wosha ya mpira, na uikaze hadi mpira ubonyee kidogo tu. Ukikaza kupita kiasi mpira unapasuka upya. Kupaka lami juu ya matundu kunakuvusha msimu mmoja. Jua la hapa huikausha ikachanika.

Kama bati limeoza na unabadilisha, geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Usikubali geji 32 kwa nyumba ya kuishi kwenye mji wenye upepo kama huu. Mwingiliano wa bati la juu na la chini usipungue sentimita 15. Na kwa kuwa upepo mkali hutangulia mvua, kagua pia vinavyolifunga paa: kila kenchi iwe imefungwa kwa waya au mkanda wa chuma kwenye ubao unaolala juu ya ukuta, na ubao huo uwe umefungwa kwenye lenta. Nyumba nyingi za zamani zina waya uliokatika kwa kutu pembeni tu, na paa limekaa kwa uzito wake.

Ukikuta paa si la bati bali ni mabamba mazito ya kijivu, yenye mawimbi na unene wa karibu milimita 6, lichukulie kuwa ni asbesto hadi mtaalamu aseme vinginevyo. Vumbi lake likivutwa huharibu mapafu na huweza kusababisha saratani miaka mingi baadaye. Likiwa zima na halijaguswa, hatari yake ni ndogo. Usilitoboe, usilisugue kwa brashi ya waya, usilivunje wala kuwapa watoto wa mtaani vipande wachezee. Kabla ya kuliondoa wasiliana na NEMC, baraza la taifa la mazingira, kuhusu namna ya kulishusha na mahali pa kulitupa.

Sasa hesabu moja ambayo wanunuzi wengi hawaifanyi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 120, mvua ya milimita 40 usiku mmoja, hiyo ni lita 4,800, karibu simtanki tano za lita elfu moja zinazomwagwa kando ya msingi. Bila gata, maji hayo yanachimba udongo chini ya ukuta. Weka gata zenye mteremko wa angalau sentimita 1 kwa kila mita 2, zielekeze kwenye tanki, na tanki likijaa ziada iende mbali na nyumba. Kisha zungushia nyumba jamvi la zege lenye upana wa mita moja, unene wa sentimita 8 hadi 10, likishuka sentimita 5 kutoka ukutani hadi ukingoni. Likate viungo kila baada ya mita 2 au 3, na lisiungane moja kwa moja na ukuta: acha nafasi ndogo ijazwe lami, ili jamvi likishuka lisiuvute ukuta. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, ondoa kwanza sentimita 30 na ujaze moramu iliyoshindiliwa.

Udongo huo mweusi ndio unaopasua nyumba nyingi katika maeneo ya mabondeni. Ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa, na msingi mfupi unapanda na kushuka nao kila mwaka. Mkoa wa Dodoma pia upo kwenye tawi la mashariki la Bonde la Ufa, na mitetemo midogo huhisiwa mara kwa mara. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta si wa kukukosesha usingizi. Ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha au mlango, unaopenya upande wa pili, au unaoingiza sarafu, huo unahitaji kufuatiliwa. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake mbili, andika tarehe, pima upana wake, upige picha ukiwa na futi pembeni. Rudia kila mwezi hadi msimu wa mvua upite. Ukizidi milimita 5, au mlango ukianza kukwama, mwite mhandisi kabla ya mwashi. Usijaze ufa kabla ya kuondoa kinachousababisha, iwe ni maji ya paa, bomba linalovuja chini ya jamvi, au mwarobaini mkubwa uliopandwa mita mbili kutoka ukutani.

Ufa uliotulia unazibwa hivi: panua kwa patasi uwe na umbo la V, kwangua plasta sentimita 15 kila upande, pigilia wavu wa kuku, lowesha ukuta, kisha piga plasta ya moja kwa nne, yaani saruji moja kwa mchanga nne. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unachukua ndoo saba za lita 20 za mchanga uliochekechwa, na hutosha kama mita za mraba 8 kwa unene wa sentimita moja na nusu. Mwagilia siku saba na uifunike kwa viroba vilivyolowa. Hewa ya hapa ni kavu na ina upepo. Plasta isiyomwagiliwa hupasuka wiki ileile na fundi hulaumu saruji.

Chini ya ukuta, rangi inayobanduka na unga mweupe kama chumvi ni unyevu unaopanda kutoka ardhini. Rangi ya mafuta inaufungia ndani tu, utatokea juu zaidi. Shusha udongo wa nje uwe angalau sentimita 15 chini ya sakafu, kwangua, acha ukuta ukauke kiangazi kizima.

Umeme usiufanyie majaribio. Nyumba za miaka ile zilifungwa waya kwa ajili ya taa, redio na pasi, na leo zinabeba friji, birika, oveni na pampu. Waya wa taa ni milimita za mraba 1.5, wa soketi 2.5, na jiko la umeme au hita vinahitaji waya wao peke yake, mara nyingi wa 6. Saketi breka ikiruka kila mara, kosa linaloteketeza nyumba ni kuweka breka kubwa zaidi. Breka inalinda waya; ukiiongeza bila kubadilisha waya, waya ndio utakaoungua ndani ya ukuta. Soketi zenye rangi ya kahawia au harufu ya plastiki zibadilishwe siku hiyohiyo. Zima breka zote huku mein swichi ikiwa imewashwa, uangalie kama mita ya LUKU bado inahesabu: kama inakula, kuna umeme unaovuja au kuna mtu ameunganishiwa kabla ya ubao wako wa breka. Bonyeza kitufe cha T kwenye kifaa cha kukata umeme unaovuja, kisipokata, kimekufa. Kama hakipo kabisa, kifungwe kabla ya kitu kingine chochote. Athi, yaani waya unaopeleka umeme unaovuja ardhini, ipimwe kwa kifaa chake, na ipimwe Septemba au Oktoba, kwani udongo mkavu hupitisha umeme vibaya na athi iliyofanya vizuri Machi huweza kushindwa kiangazi. Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, mwombe akuonyeshe.

Mchwa wa Dodoma hawahitaji maelezo. Choma bisibisi kwenye fremu za milango sentimita 10 za chini, fishabodi na mbao za paa. Ikizama bila nguvu, ndani ni maganda. Kubadilisha fremu bila kutibu udongo ni kuwapelekea chakula kipya. Chimba mfereji wa upana wa sentimita 15 na kina cha 30 kuzunguka msingi, mimina dawa iliyosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya viuatilifu, kwa kipimo cha kwenye lebo, kisha rudisha udongo. Fanya hivyo kabla ya kumwaga jamvi la nje, maana baadaye utalivunja. Oili chafu haiwamalizi, inachafua udongo tu.

Kwa maji ya ndani, subiri siku ambayo maji yanatoka, funga koki zote za ndani jioni, koki kuu ibaki wazi, na usome mita ya maji; soma tena baada ya nusu saa. Ikitembea, kuna bomba linalovuja. Mabomba ya chuma yaliyokaa miaka 30 huziba kwa kutu na chumvi ya maji yetu, hivyo presha ndogo bafuni si lazima iwe kosa la DUWASA. Simtanki ya lita 1,000 iliyojaa ina uzito wa zaidi ya tani moja: kama imekaa juu ya mbao, kagua mbao hizo leo.

Kuhusu choo, fungua chemba, mwaga ndoo tatu kwa mkupuo kwenye choo cha mbali zaidi, uone maji yanapita kwa kasi gani. Kipande cha majani mabichi katikati ya uwanja uliokauka mwezi wa Septemba kinaonyesha shimo linapovuja au lilipojaa. Mfuniko wa zege ulioonyesha nondo usikanyagwe. Na mtu yeyote asiingie shimoni, hata kwa dakika moja kuokota kitu; hewa yake huua kimya, na anayemfuata kumwokoa hufa naye.

Ukiita fundi, nunua vifaa mwenyewe au kwa risiti, andikianeni kazi na bei, lipa kwa hatua. Kwa kazi ya paa bakiza asilimia 20 hadi mvua kubwa ya kwanza ipite, na mkubaliane hivyo tangu mwanzo mbele ya shahidi. Ukitaka kuvunja ukuta au kuongeza chumba, kibali cha halmashauri kinatangulia.

Stoo iwe na koki mbili za nusu inchi na moja ya robo tatu, tepu ya bomba, boya la tanki, breka moja ya kila ukubwa uliopo kwenye ubao kwa ajili ya fundi wako, skrubu za bati 50 zenye mipira, turubai la mita 4 kwa 6, kamba na tochi yenye chaji. Mabati mawili ya ziada yanunuliwe pamoja na yale ya paa, duka lilelile, kwa sababu mwakani umbo la mawimbi linaweza kuwa tofauti na hayatalalana.