Bia ya Shira ya Kimea: Densiti ya Awali Inaposomeka Chini ya Matarajio

Anayepika bia nyumbani kwa shira ya kimea, yaani sharubati nzito ya sukari ya nafaka iliyooteshwa, hahitaji kuloweka nafaka ili atoe sukari yake, kwa kuwa kazi hiyo imekwisha kufanywa kiwandani na kiasi cha sukari iliyomo kinajulikana. Kwa hiyo, haidromita, kipimo kinachoelea kinachoonyesha uzito wa maji yenye sukari ukilinganishwa na maji matupu (1.000), inapoonyesha densiti ya awali, yaani ya kabla ya kuchachuka, ya 1.036 ilhali maelekezo yanataja 1.047, sukari haikupotea. Ama imo ndani ya ndoo lakini haijachanganyika, ama kipimo kimesomwa vibaya, ama maji yamezidi, ama sehemu ya shira imebaki ndani ya kopo. Nashauri sana sababu hizi zichunguzwe kabla ya kuongeza kitu chochote, maana anayekimbilia sukari mara nyingi huishia na bia kali kuliko aliyoikusudia.

Hesabu ndiyo itangulie. Wapishi wa bia huzihesabu tarakimu zinazofuata 1.0 kuwa pointi, hivyo 1.047 ni pointi 47. Kilo moja ya shira ikiyeyushwa hadi kupata lita moja huleta takriban pointi 300, na kilo moja ya unga unaopatikana kwa kukausha shira hiyo huleta takriban 370. Tuseme umetumia makopo mawili ya shira, kila moja la kilo 1.5, pamoja na nusu kilo ya unga, katika lita 23. Shira italeta pointi 900 na unga 185, jumla 1,085. Ukigawanya kwa 23 utapata 47. Ikiwa vipimo vyako vya uzito na ujazo ni sahihi, jibu hilo ni la kuaminika kuliko sampuli moja iliyochotwa juu ya ndoo.

Nasema hivyo kwa sababu chanzo kinachoongoza ni mchanganyiko usiokamilika. Wengi hawana sufuria ya kuchemshia lita 23 kwa mara moja, kwa hiyo huchemsha lita 10 hivi zenye shira yote, hupoza, kisha hujazia maji baridi ndani ya ndoo. Maji yale ya kimea ni mazito mno, nayo hukaa chini huku maji matupu yakielea juu, na rangi inaweza kuonekana sawa ndoo nzima baada ya kukoroga mara chache tu ilhali utamu bado umelala chini. Sampuli ya juu itasoma chini mno, na ya kwenye koki huenda ikasoma juu kupita kiasi. Chota sehemu zote mbili na uzilinganishe. Zikitofautiana, koroga kwa nguvu kwa dakika kadhaa, ukitumia mwiko uliosafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu na kuufikisha hadi kwenye kitako cha ndoo, kisha pima tena. Usihofie povu wala hewa inayoingia wakati huu, kwa sababu hamira inaihitaji oksijeni hiyo kabla ya kuanza kazi. Na hata kama ulikwisha kutia hamira, uchachukaji wenyewe utachanganya kila kitu. Wewe andika tu densiti uliyoipata kwa hesabu.

Joto nalo hudanganya. Haidromita nyingi zimetengenezwa kusoma sawasawa kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. Kwenye nyuzi 30, joto la kawaida la maji ya bomba katika miezi ya joto Dar es Salaam au Mombasa, husoma pungufu kwa takriban pointi 3, na kwenye nyuzi 40 kwa takriban 6. Poza sampuli, zungusha haidromita ili viputo viachane nayo, kisha soma macho yakiwa usawa wa maji. Uijaribu pia katika maji safi ya nyuzi 20: isiposoma 1.000, tofauti hiyo iongezwe au ipunguzwe katika kila kipimo.

Alama za lita zilizochapwa kwenye ndoo zihakikishwe mara moja kwa jagi la lita moja. Katika mfano wetu, kufikisha lita 25 badala ya 23 kunashusha densiti hadi 1.043. Shira iliyoganda koponi isuuzwe kwa maji ya moto, na mabonge ya unga yapondwe hadi yayeyuke.

Ikithibitika kwamba sukari ni pungufu kweli, zidisha pointi zinazokosekana kwa lita ulizonazo, kisha gawanya kwa 370. Pointi 4 katika lita 25 ni 100, yaani gramu 270 za unga. Uyeyushe ndani ya kiasi cha maji yaleyale ya kimea, uchemshe kwa dakika 10 ukiangalia sufuria isifurike povu, upoze na urudishe ndani ya ndoo, ikiwezekana kabla ya kutia hamira. Sukari ya mezani ingeziba pengo, lakini huchachuka yote na kuifanya bia iwe nyepesi mdomoni. Kwa maoni yangu, upungufu wa pointi 4 uachwe kama ulivyo, kwa kuwa utapunguza kilevi kwa chini ya nusu asilimia.