Afisa ustawi wa jamii: jipime kabla mlipuko wa ugonjwa haujaingia

Usijiulize kama unajisikia tayari. Jiulize hivi: mama akitengwa kwa ugonjwa wa kuambukiza leo jioni Hospitali ya Ligula, Mtwara, na wanawe wawili wamebaki kijijini Nanyamba, usiku huu watalala na nani? Kama huna jina na namba ya simu, cheti cha mafunzo hakitakusaidia.

Basi anza na daftari. Kila kijiji andika mtendaji, mhudumu wa afya ngazi ya jamii na familia moja ya kuaminika. Piga namba zote kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu watendaji huhamishwa, na msimu wa korosho watu wako mashambani, simu hazishiki. Ongeza 116 ya watoto na 199 ya afya.

Kinachovuruga karantini mara nyingi ni njaa, wala si ukaidi. Kwa Ebola na Marburg waliotangamana na mgonjwa hufuatiliwa siku 21, kuanzia siku waliyokutana naye mara ya mwisho. Piga hesabu mapema: kaya ya watu 5, kila mtu nusu kilo ya unga na gramu 100 za maharage kwa siku, ni unga kilo 52.5 na maharage kilo 10.5. Weka na sabuni, maji, kuni na vocha ya simu. Hesabu hiyo iingie kwenye bajeti ya halmashauri sasa, maana mlipuko ukishaanza kila idara inagombania fungu lilelile.

Hakikisha jina lako limo kwenye orodha ya vifaa kinga. Wengi huhesabu madaktari na wauguzi tu. Fanya mazoezi ya kuvua zaidi kuliko ya kuvaa, mwenzako akikutazama, kwani wakati wa kuvua ndipo mtu hujigusa uso na kujiambukiza. Mazungumzo mengi na wagonjwa, hata hivyo, yanawezekana kwa simu au ng'ambo ya uzio.

Ruangwa, mkoani Lindi, Julai 2022, watu waliugua homa na kutokwa damu puani kabla maabara haijathibitisha kuwa ni homa ya mgunda (leptospirosis, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa wanyama). Siku kama hizo uvumi hutangulia. Waambie ndugu kinachojulikana, kisichojulikana, na saa utakayorudi. Kisha rudi saa hiyohiyo, hata kama huna jipya. "Msiwe na hofu" haimtulizi mtu.

Mwisho, panga nani atabaki na wanao ukiitwa zamu. Afisa mwenye wasiwasi na nyumbani kwake hakai wodini.